Chapuo la Kompyuta

Albamu iitwayo 82, ambayo bendi ya Just A Band ya Nairobi iliitoa mwaka 2009, ni miongoni mwa kazi chache za muziki wa Afrika Mashariki zilizothubutu kuweka pamoja mambo mawili ambayo wasikilizaji wengi huyaona kama mafahali wasioweza kukaa zizi moja, yaani milio inayozalishwa na mashine za umeme, na utunzi wa wimbo wa kawaida wenye beti, kiitikio na mahadhi yanayoshikika haraka. Lawama inayosikika mara kwa mara hapa pwani ya kusini mwa Tanzania, Kilangala kama ilivyo Kivinje na Mingoyo, ni kwamba muziki wa kompyuta hauna mpigaji, na kwa kuwa hauna mpigaji basi hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiwezi kuwa na roho. Mazungumzo haya yanaichukua lawama hiyo kwa uzito wake, kwa sababu wanaoitoa ni watu wanaoijua ngoma, kisha yanaiweka mbele ya albamu hiyo moja na kuuliza kama bado inasimama.

Just A Band, jina ambalo maana yake ni "bendi tu", ilianzia mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, pembezoni mwa jiji la Nairobi, na majina yanayofungamana nayo ni manne: Bill Sellanga, anayejulikana zaidi kwa jina la Blinky Bill, Daniel Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Katika biashara ya muziki kundi la namna hii huitwa bendi huru, au kwa mkato "indi", maana yake kundi lisilofungwa na mkataba wa kampuni kubwa ya kurekodi, linalogharimia kazi zake lenyewe na kuamua lenyewe wimbo uwe na sura gani, hata kama uamuzi huo utalinyima nafasi katika vituo vya redio. Nafasi hiyo haikuwa rahisi kupatikana, kwa kuwa katika miaka hiyo masikio ya Nairobi yalikuwa yametekwa na genge na kapuka, mitindo ya kufokafoka na kucheza iliyotoka katika studio za Calif Records na Ogopa Deejays, na ambayo ilikuwa na wasikilizaji wengi, wakiwemo wa pwani ya Tanzania. Albamu ya kwanza ya bendi hiyo, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008 na kuleta wimbo Iwinyo Piny, wenye jina la Kijaluo. Mwaka mmoja baadaye ikafuata 82, na hapo ndipo bendi ilipoonekana kujua kwa hakika inataka nini.

Jina la albamu hiyo linastahili kutuliwa kidogo, hasa katika kipindi cha redio. Mwaka 1982 uko karibu na mwanzo wa kizazi ambacho wanabendi hao walikulia ndani yake, kizazi cha watoto wa mijini waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Lakini kwa Mkenya yeyote mwenye umri, tarakimu hizo mbili haziwezi kutamkwa bila kuikumbusha Jumapili ya tarehe 1 Agosti, siku ambayo baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Miongoni mwa mahali walipopakimbilia askari hao palikuwa kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, na mtu waliyemtoa nyumbani kwake alfajiri ili ausome ujumbe wao alikuwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kiswahili ambaye sauti yake iliaminika nchi nzima na ambaye baadaye kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kiliendelea kusikika kwa miongo mingi. Jaribio lilizimwa kabla siku haijaisha, na sauti ileile ndiyo iliyorudi hewani kueleza kwamba serikali ingalipo. Kizazi kilichozaliwa katika majira hayo kililelewa ndani ya nyumba ambamo kila mtu alijua kwamba anayeishika redio ameishika nchi. Basi haishangazi kwamba vijana wake, walipofikia umri wa kutunga, waliutafuta mlango mwingine wa kupitishia sauti zao, mlango ambao hauhitaji kibali cha kituo chochote.

Mlango huo ulikuwa kompyuta, na ili lawama iliyotajwa mwanzo ipimwe kwa haki, ni lazima kwanza ieleweke mashine hiyo hufanya kazi gani ndani ya wimbo. Vyombo vyake vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni sintesaiza, chombo kinachotengeneza mlio kwa kuchezesha mkondo wa umeme badala ya kutikisa uzi, ngozi au pumzi, na ambacho fundi wa Kimarekani Robert Moog alikifanya kuwa bidhaa ya kununuliwa kuanzia miaka ya 1960. Cha pili ni sampuli, yaani kipande cha sauti halisi, kiwe cha tarumbeta, cha mlango unaogonga au cha mtu anayecheka, ambacho mashine hukipima na kukigeuza kuwa namba, na katika kiwango kinachotumiwa na diski za muziki upimaji huo hufanyika mara 44,100 kwa kila sekunde moja, kiasi kwamba sikio halitambui tena tofauti kati ya namba na sauti. Cha tatu, ambacho ndicho kiini cha mjadala huu, ni lupu, yaani mzunguko: kipigo kifupi, aghalabu cha mapigo manne au manane, kinachopangwa mara moja kisha kikaamriwa kujirudia bila kuchoka mpaka wimbo uishe. Muziki wa namna ya hausi, ambao Just A Band iliuchota kwa wingi pamoja na fanki na disko, hutumia lupu yenye kishindo kizito katika kila pigo, kwa kasi inayozunguka mapigo 120 hivi kwa dakika, kasi ambayo mtu anaweza kuitembelea kwa haraka bila kukimbia.

Sasa, mtu aliyekulia katika ngoma za pwani ya kusini anaijua kazi hiyo kwa majina mengine. Katika ngoma zenye vyombo kadhaa huwa kuna vumi, ngoma nene inayonguruma chini na kushikilia ardhi ya mchezo, na kuna chapuo, ngoma ndogo ambayo mpigaji wake hupewa kipigo kimoja kifupi na kukirudia tangu mwanzo hadi mwisho, bila madoido, ili wengine wapate mahali pa kuegemea. Kisha yuko mpigaji mkuu, ambaye peke yake ana ruhusa ya kukata, kuita, kuchokoza na kumjibu mchezaji. Hakuna anayemlaumu mpiga chapuo kwa kutokuwa na roho, ingawa anachokipiga hakibadiliki, kwa sababu kila mtu uwanjani anaelewa kwamba kutobadilika kwake ndiko kunakompa mkuu uhuru wa kubadilika. Kompyuta katika albamu ya 82 imepewa kazi ya vumi na chapuo, na kazi ya mpigaji mkuu imeachiwa binadamu, iwe ni besi, iwe ni gitaa au iwe ni sauti ya mwimbaji. Kosa linalofanywa na watayarishaji wengi wa muziki, na ambalo kwa kweli ndilo lililoipa lawama ile nguvu yake, ni kuiachia mashine ngoma zote, pamoja na ile ya mkuu, hadi asibaki mtu wa kujibizana na mchezaji.

Upande wa pili wa ndoa hiyo ya mashine na wimbo ni utunzi. Muziki wa pop, ambao jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kupendwa na watu wengi, una kanuni ambazo mshairi wa Kiswahili hawezi kuziona ngeni, kwa kuwa wimbo wake hujengwa kwa beti zinazosogeza mbele habari na kiitikio kinachorudi baada ya kila ubeti, sawa na kibwagizo kinavyorudi katika shairi ili kumkumbusha msikilizaji hoja iko wapi. Ugumu wa kiitikio ni kwamba hakina pa kujificha: kinasikika mara kadhaa ndani ya dakika nne, na kama ni dhaifu, kila kurudi kwake kunazidisha udhaifu huo. Kipimo kizuri cha wimbo wa aina hii ni kuimbika bila chombo chochote, na mtu anayebangua korosho kibarazani, ambaye mikono yake haina nafasi ya kupiga hata kofi, ndiye mwamuzi wake bora. Wimbo uitwao Usinibore, ambao ni miongoni mwa zile zinazokumbukwa zaidi katika albamu hiyo, unafaulu mtihani huu, kwa sababu ukiondolewa milio yote ya mashine bado linabaki neno moja, na neno hilo lenyewe lina mdundo.

Neno hilo linastahili maelezo, maana ndani yake mna ustadi ambao huenda msikilizaji wa kusini ataupita bila kuuona. Ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kumchosha mtu kwa jambo lisilo na ladha, kilichovishwa viambishi vya Kiswahili vya katazo na vya mtendwa, kwa namna ambayo Sheng, lugha ya mitaa ya Nairobi inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za makabila, imezoea kuvivisha vitenzi vya kigeni. Kiswahili sanifu kingesema "usinichoshe". Jambo la kupendeza ni kwamba vijana wa Dar es Salaam, Lindi na Kilwa wamekikopa kitenzi hichohicho kwa njia yao, wakaitupa konsonanti ya mwisho na kukipa irabu ya Kibantu, wakapata "kuboa", na kwa hiyo katazo lao ni "usiniboe". Lugha mbili za vijana zimekwenda dukani kwa mwenye mali mmoja, zikanunua kitambaa kimoja, na kila moja ikashona nguo kwa mshono wake. Ni haki kuongeza hapa kwamba sehemu kubwa ya maneno ya albamu imeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ndilo pengo lake kubwa zaidi kwa msikilizaji wa pwani hii, kwa kuwa utunzi ulio makini kiasi hicho ungestahili kuonjwa neno kwa neno, wala si kukisiwa kutokana na sauti.

Mwenye kuudhania mchanganyiko huu wa mashine na wimbo kuwa uzushi wa Nairobi anaombwa atazame nyuma. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, watu wa mwambao walizichukua tarumbeta na ngoma za bendi za kijeshi za wakoloni wakaunda beni, mchezo wa gwaride na mashindano ulioenea kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanganyika, na ambao makundi yake ya Marini na Arinoti yaligawanya miji katika pande mbili. Neno "kinanda" lenyewe, ambalo leo humaanisha chombo cha vitufe kinachochomekwa kwenye umeme, zamani lilikuwa jina la ala ya nyuzi, na limesafiri kutoka chombo hadi chombo bila kuuacha wimbo. Katika miaka ya 1990 kinanda cha umeme kiliingia katika taarabu kikachukua nafasi ya fidla na kodiani, na wapo waliolia kwamba taarabu imekufa. Hata hivyo harusi za Kilwa Masoko zimeendelea kuwa na taarabu, na mwenye kutunzwa fedha jukwaani ni yule yule aliyekuwa akitunzwa zamani, mwimbaji mwenye maneno.

Kielelezo kilicho karibu zaidi na hoja ya mazungumzo haya ni mchiriku, muziki uliochipuka katika mitaa ya Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo, na ambao vyombo vyake ni ngoma za kienyeji, kipaza sauti na kinanda kidogo cha Casio kutoka Japani, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaojifunza. Mlio wake ulipopitishwa katika vipaza sauti vilivyoungwaungwa na mafundi wa mtaani, ukawa mkali kama nyigu aliyefungiwa kopo, na ukali huo ndio uliopendwa. Bendi ya Jagwa Music, ambayo ni mojawapo ya makundi maarufu ya mtindo huo, ilitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Kutoka mchiriku na ngoma za namna yake ndipo singeli ilipopata damu yake, ikaongeza kasi hadi kuvuka mapigo 200 kwa dakika, na mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukaipeleka hadi Ulaya. Wakazi wa Kilwa wana haki ya kudai fungu katika milio hiyo yote, kwa maana gesi ya kisiwa chao cha Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004, ni sehemu ya umeme wa jiji hilo, na kila kinanda kinachopigwa Mwananyamala au Manzese kinavuta kitu kilichotoka chini ya bahari yao.

Tofauti kati ya mchiriku na 82 ni tofauti ya tabaka na ya shule zaidi kuliko ya kanuni. Jagwa walikuwa na mashine moja dhaifu wakaisukuma mpaka ukingoni mwa uwezo wake. Just A Band walikuwa na kompyuta yenye uwezo wa kutoa karibu kila mlio, na kazi yao ngumu ikawa ni kukataa. Katika nyimbo bora za 82 mtu anaweza kuzihesabu sauti zilizomo kwa vidole vya mkono mmoja, na kujinyima huko, ambako kwa mwenye ghala lililojaa ni kugumu kuliko kwa asiye nacho, ndiko kunakouacha wimbo upumue.

Umaarufu mkubwa wa albamu hiyo ulikuja kwa njia ambayo ilikaribia kuifunika. Mwezi Machi 2010 bendi iliweka katika intaneti video ya wimbo wa albamu hiyo uitwao Ha-He, iliyoigiza filamu za mapigano za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, ikiwa na shujaa aitwaye Makmende. Jina hilo lilikuwa limezagaa miongoni mwa watoto wa Nairobi kwa miaka mingi, kwa kumtania mwenzao anayejifanya hashindwi, na asili yake inasemwa kuwa ni maneno ya Kiingereza aliyoyatamka Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983, yaliyopita katika vinywa vya watoto yakatoka yakiwa neno lenye irabu mwishoni kama linavyotakiwa kuwa. Kwa muda mfupi watu walianza kumtungia Makmende sifa za ajabu, kila mmoja akijaribu kumpiku mwenzake, hadi vyombo vya habari vya Marekani vikaandika kwamba Kenya imepata kichekesho chake cha kwanza cha intaneti kilichosambaa kama moto wa nyika. Sababu moja haikuwa ya kisanaa hata kidogo: mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulikuwa umeanza kufanya kazi chini ya Bahari ya Hindi, ukiwa na vituo Mombasa na Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza kutazama video kwa intaneti kukaanza kuwa jambo la watu wa kawaida wa mjini. Mkongo huo ulifika kwanza kwa wenye nyumba za mjini, na huku kusini, ambako daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilikuwa limeondoa adha ya pantoni la Ndundu tangu mwaka 2003, muziki uliendelea kwa muda kusafiri kwa basi, ndani ya kanda na diski.

Baada ya hapo bendi ilitoa Sorry for the Delay mwaka 2012, kisha wenyewe wakaelekea njia mbalimbali. Jim Chuchu aliongoza filamu ya Stories of Our Lives ya mwaka 2014. Mbithi Masya akaongoza Kati Kati, iliyopata mwaka 2016 tuzo ya wahakiki wa filamu wa kimataifa katika tamasha la Toronto. Blinky Bill akatoa albamu yake binafsi mwaka 2018. Kwamba wawili kati ya wanne wakawa watengenezaji wa filamu kunaeleza kwa nini video ya Makmende ilikuwa na nguvu kiasi kile, na pia kwa nini wimbo uliobebwa na video hiyo ulibaki kuwa kama mtumishi wake, ukijulikana na wengi ambao hawakuwahi kuusikiliza.

Redio, ambayo kizazi cha 82 kiliikwepa, inaweza kuutendea haki wimbo huo wa Ha-He kuliko chombo kingine chochote, kwa kuwa hewani hakuna shujaa, hakuna suruali pana wala vumbi la mapigano. Jina lake si neno la lugha yoyote. Ni mkoromo na pumzi, kitu kama sauti wanayoitoa wavuvi wanapovuta jarife kwa pamoja. Chini kuna besi inayotembea kwa madaha, nyuma yake mzunguko ambao haubadiliki, na kila mara mzunguko unapofika mwisho na kuanza upya, sauti za watu zinaingia juu yake, zikiitana na kujibizana.